Kiini Chepesi Kati ya Ngozi Mbili: Uchapaji wa Matabaka na Ujenzi wa Vitu Vyepesi

Utangulizi

Kipande cha katoni ya kawaida kikikatwa kwa kisu, ukingo wake huonyesha karatasi tatu: mbili bapa upande wa juu na wa chini, na ya tatu iliyokunjwa mawimbi katikati. Karatasi hizo zikibanduliwa na kulazwa moja juu ya nyingine, hupinda kwa mguso wa kidole. Zikiwa zimegandishwa pamoja na mawimbi yake, hubeba mzigo wa vitabu. Katika hali zote mbili karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika sehemu nyingi za ndege, helikopta, mashua za mbio, mapanga ya mitambo ya upepo na vyombo vinavyorushwa angani. Wahandisi huuita muundo huo sandwichi. Una ngozi mbili nyembamba na ngumu, aghalabu za alumini au za kampoziti, yaani nyuzi za kioo au za kaboni zilizogandishwa kwa resini. Na kati ya ngozi hizo kuna kiini kinene lakini chepesi.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya kiini, jinsi kilivyotengenezwa kwa miaka mingi, na sababu zinazowafanya wahandisi wa siku hizi wajaribu kukijenga tabaka kwa tabaka kwa mashine ya kuchapa. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba sandwichi haiwezi kuwa imara kuliko mshikamano wa kiini na ngozi zake. Jambo hilo dogo limewahi kuharibu vyombo vya thamani kubwa.

Hesabu ya unene

Boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili na kuwekewa mzigo katikati hupinda. Upande wake wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa, na sehemu ya katikati haibanwi wala haivutwi sana. Galileo, katika kitabu chake juu ya sayansi mbili mpya kilichochapishwa mwaka 1638, aliona kwamba mifupa ya ndege na mabua yaliyo wazi ndani hupata nguvu kubwa bila kuongeza uzito. Mata iliyo mbali na katikati hufanya kazi kubwa. Iliyo katikati hufanya kazi ndogo.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukakamavu wa bamba dhidi ya kupindwa hutegemea kipeo cha tatu cha unene wake. Na tuchukue mfano wa bamba la alumini lenye unene wa milimita 2. Kipeo cha tatu cha 2 ni 8. Sasa bamba hilo ligawanywe kuwa ngozi mbili za milimita 1 kila moja, na kati yake kiwekwe kiini cha milimita 2. Unene wote ni milimita 4, ambao kipeo chake cha tatu ni 64. Kiini chenyewe hakihesabiwi, kwa hiyo hutolewa 8. Linabaki 56, yaani mara 7 ya bamba la kwanza. Kiini kikifanywa cha milimita 6, unene wote huwa milimita 8: 512 kutoa 216 ni 296, yaani mara 37.

Je, uzito umeongezeka kiasi gani? Mita moja ya mraba ya bamba la milimita 2 ina kilo 5.4, kwa kuwa densiti ya alumini ni kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo. Kiini cha milimita 6 chenye densiti ya kilo 80 kwa mita ya ujazo huongeza kilo 0.48 tu. Ukakamavu umepanda mara 37, na uzito umepanda kwa chini ya sehemu 9 katika kila 100.

Kazi ya kiini

Hesabu hiyo ni ya kweli kwa sharti moja: ngozi mbili zifanye kazi kama kitu kimoja. Kitabu kilichofungwa kikipindwa, kurasa zake huteleza moja juu ya nyingine, na kwa sababu hiyo kitabu hupinda kwa urahisi. Kurasa hizo zikigandishwa kwa gundi, kitabu huwa kigumu kama ubao. Kiini kina kazi kama ya gundi hiyo. Huzuia ngozi zisiteleze, huziweka mbalimbali kwa kipimo kile kile, na huishikilia ngozi inayobanwa isikunjamane.

Maumbile yalitangulia kuitumia kanuni hii. Mifupa bapa ya fuvu la kichwa cha mwanadamu ina tabaka mbili ngumu na mfupa wa sifongo katikati. Mwiba wa nungunungu una ganda gumu jembamba lililojazwa kiini kama povu. Viumbe hawa hupata ulinzi bila kubeba mzigo usio na faida.

Kutoka mbao za balsa hadi sega la nyuki

Mwezi Novemba mwaka 1940, huko Uingereza, iliruka kwa mara ya kwanza ndege iitwayo Mosquito ya kampuni ya de Havilland. Kiwiliwili chake kilikuwa sandwichi ya mbao: ngozi za plaiwudi ya mti wa bachi, na kiini cha balsa, mti mwepesi sana utokao Ekuador. Kila nusu ya kiwiliwili iligandishwa juu ya kalibu, kisha nusu mbili zikaunganishwa. Ndege hiyo ya mbao ilikuwa miongoni mwa ndege zenye kasi kubwa za wakati wake.

Balsa, hata hivyo, hunyonya maji, na densiti yake hubadilika kutoka mti hadi mti. Wahandisi waligeukia umbo la sega la nyuki. Mwaka 1938 Norman de Bruyne wa Uingereza alipata hataza ya kugandisha sandwichi ya namna hiyo kwa gundi. Hadi leo sega la alumini hutengenezwa hivi: karatasi nyembamba sana za alumini huchorwa mistari ya gundi, hurundikwa na kubanwa, kisha rundo huvutwa likafunguka kama kodiani. Vyumba vyenye pande sita hujitokeza. Sega la aina ya pili hutumia karatasi ya nyuzi za aramidi iliyochovywa katika resini.

Sega lenye densiti ya kilo 80 kwa mita ya ujazo lina sehemu 3 tu za alumini katika kila 100 za ujazo wake. Zilizobaki ni hewa. Ni vigumu kupata kiini chepesi kinacholishinda kwa bamba bapa. Lakini lina mipaka mitatu. Kwanza, halipendi kupindwa katika umbo lenye mviringo wa pande mbili, kama ganda la yai. Pili, vyumba vyake ni vya kipimo kimoja kila mahali, hata pale ambapo mzigo ni mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili. Tatu, ngozi zikishagandishwa, kila chumba hufungwa, na chochote kilichomo au kitakachopenya hakina njia ya kutoka.

Mafunzo mawili

Mpaka huo wa tatu ulidhihirika mwaka 1999. Shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Lockheed Martin, walikuwa wakiunda chombo cha majaribio kiitwacho X-33. Tangi lake la haidrojeni kimiminika lilikuwa sandwichi ya nyuzi za kaboni yenye kiini cha sega. Haidrojeni huwa kimiminika katika nyuzi 253 za Sentigredi chini ya sifuri. Mwezi Novemba tangi lilijazwa na kuwekewa mizigo, na lilihimili. Lilipokwisha kumwagwa na kuanza kupata joto, ngozi ya nje na kiini vilibanduka kutoka ngozi ya ndani.

Uchunguzi ulionyesha mfuatano wa mambo. Baridi na mzigo vilisababisha nyufa ndogo mno katika ngozi ya ndani, na haidrojeni ikapenya hadi katika vyumba vya sega. Kwa kuwa naitrojeni hugeuka kimiminika katika nyuzi 196 chini ya sifuri, gesi ya naitrojeni iliyozunguka tangi nayo ilivutwa ndani na kuganda humo. Joto liliporudi, vimiminika viligeuka gesi tena. Lita moja ya naitrojeni kimiminika hutoa karibu lita 700 za gesi katika joto la kawaida. Gesi hiyo haikuwa na njia ya kutosha ya kutokea, na gundi ilikuwa na udhaifu wake. Mradi wa X-33 ulifutwa mwaka 2001.

Funzo la pili lilihusu watu waliokuwa safarini. Tarehe 6 Machi 2005, ndege ya aina ya Airbus A310 ya kampuni ya Air Transat iliondoka Varadero, Kuba, kuelekea Kanada. Ikiwa angani, usukani wake wa mkiani, uliokuwa sandwichi ya kampoziti yenye kiini cha sega, ulinyofoka karibu wote. Marubani walifanikiwa kuirudisha ndege Varadero salama. Wachunguzi wa Kanada waliona kwamba yaelekea sehemu ya ngozi ilikuwa imebanduka, au kiini kilikuwa kimepasuka, na dosari hiyo ikakua hadi usukani ukaishiwa nguvu.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuelewa jinsi dosari kama hiyo inavyokua. Katika kimo cha kilometa 10, kanieneo ya hewa ni karibu robo ya ile ya usawa wa bahari. Hewa iliyofungiwa ndani ya kiini husukuma ngozi kwa nje kwa kani ya karibu nyutoni 7.5 kwa kila sentimita ya mraba. Pale gundi ilipo nzima, kani hiyo haidhuru. Lakini mahali palipobanduka penye upana wa sentimita 10 kwa 10, kani hiyo mwanzoni hufikia karibu nyutoni 750, sawa na uzito wa mtu mzima, ikinyanyua kingo za sehemu iliyobanduka. Ndege hupanda na kushuka mara maelfu katika maisha yake, na kila safari huweza kukuza jeraha ambalo jicho halilioni.

Kujenga tabaka kwa tabaka

Mafundi kwa desturi hupata umbo kwa kupunguza: kuchonga, kukata, kutoboa. Au hulipata kwa kalibu: kumimina na kubana. Njia ya tatu ni kuongeza, na nyuki ni fundi wa zamani wa njia hiyo, maana hujenga sega lake kwa kubandika nta kidogo kidogo.

Mwaka 1981 Hideo Kodama wa Japani alieleza namna ya kugandisha resini kwa mwanga, tabaka moja juu ya jingine. Mwaka 1984 Charles Hull wa Marekani aliomba hataza ya mashine ya namna hiyo. Mwaka 1989 Scott Crump, naye wa Marekani, aliomba hataza ya mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuuchora kama mtu anayepamba keki. Katika aina ya tatu, mwali wa leza huunganisha unga wa plastiki au wa metali. Katika njia zote, kompyuta huligawa umbo kuwa vipande vyembamba, na mashine huvijenga kimoja baada ya kingine.

Kwa kiini cha sandwichi, njia hii ina faida nne. Kiini kinaweza kujengwa moja kwa moja katika umbo lililopinda, bila kulazimishwa. Kuta zake zinaweza kuwa nene pale mzigo ulipo na nyembamba pale usipokuwapo. Mahali pa kupitisha bolti paweza kujengwa pamoja na kiini, badala ya kutobolewa na kujazwa resini baadaye. Na vyumba vyake vinaweza kuachiwa njia za kupitisha hewa, ili kisifungiwe ndani kitu kitakachodai kutoka kwa nguvu.

Umbo lipi linafaa?

Uhuru wa kujenga umbo lolote huleta swali jipya: umbo gani? Jibu moja lilitolewa na James Clerk Maxwell mwaka 1864. Kwa fremu ya vijiti iliyo bapa na yenye viungio vinavyozunguka, idadi ya vijiti inayohitajika ili isilegee ni mara mbili ya idadi ya viungio, kutoa 3. Mraba una viungio 4, hivyo unahitaji vijiti 5. Wenyewe una 4, nao hulala ubavu ukisukumwa. Pembetatu ina viungio 3 na vijiti 3, nayo husimama imara. Kwa fremu za pande tatu, kanuni ni mara tatu ya viungio, kutoa 6.

Tofauti hiyo ni kubwa katika vitu vyepesi. Katika povu, kuta na vijiti hupindwa; ukipunguza densiti yake hadi nusu, ukakamavu hushuka hadi karibu robo. Katika kimia kilichopangwa kwa pembetatu, vijiti huvutwa na kubanwa kwa urefu wake. Densiti ikishuka hadi nusu, ukakamavu nao hushuka hadi nusu tu. Kadiri kiini kinavyokuwa chepesi, ndivyo kimia kinavyozidi kulishinda povu. Hata hivyo, vijiti vikiwa vyembamba mno, hupinda ghafla vinapobanwa.

Umbo jingine ni jiroidi, lililoelezwa na Alan Schoen wa NASA mwaka 1970. Ni ukuta mmoja unaojipinda bila pembe kali, ukigawa nafasi kuwa njia mbili zisizokutana. Hupatikana pia katika magamba ya mabawa ya baadhi ya vipepeo. Umbo hili huwafaa wenye mashine za kuchapa kwa sababu kila tabaka hupata mahali pa kuegemea, na njia zake zote ziko wazi kutoka upande hadi upande.

Matatizo yaliyobaki

Isidhaniwe kwamba mashine hizi zimemaliza kazi. Udhaifu mkubwa umo katika njia yenyewe: kitu kilichojengwa kwa tabaka aghalabu ni dhaifu zaidi kinapovutwa kwa namna ya kutenganisha tabaka zake. Mhandisi aliyeikimbia hatari ya ngozi kubanduka anaweza kukutana na hatari ile ile ndani ya kiini. Kwa hiyo mwelekeo wa kuchapa hauna budi kuchaguliwa kwa kufuata mwelekeo wa kani.

Joto nalo ni mtihani. Kampoziti za ndege mara nyingi hugandishwa katika tanuri kwa nyuzi 120 au 180 za Sentigredi. Plastiki ya PLA, inayotumika sana katika mashine ndogo, hulegea karibu na nyuzi 60. Kwa kazi za tanuri hutafutwa plastiki kama PEI, inayohimili hadi karibu nyuzi 217, lakini ni ghali na ngumu kuchapa.

Tena, uwazi ulioonekana kuwa faida unaweza kugeuka hasara. Resini majimaji ikivutwa katika ngozi kwa ombwe, huingia pia katika kiini kilicho wazi na kukijaza, na wepesi wote ukapotea. Hapo huhitajika utando wa kuizuia, au ngozi zigandishwe kwanza na kubandikwa baadaye. Mwisho, mashine ni za polepole na nafasi yake ya kazi ni ndogo. Kwa bamba kubwa lililo bapa, sega lililovutwa na povu gumu bado vina nafuu. Kiini cha kuchapwa kina nafasi yake pale umbo linapokuwa gumu, mzigo usipolingana, au hewa inapohitaji njia.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji mashine. Kinachotakiwa ni karatasi ya manila, gundi, rula, vitabu viwili, kikombe chepesi na mchanga.

1. Kata vipande vinne vya manila vyenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 5. Vigandishe vyote bapa, kimoja juu ya kingine. Hiki ni kielelezo A.

2. Kata vipande vingine viwili vya kipimo hicho, na kimoja chenye urefu wa sentimita 60. Kikunje hiki kirefu kila baada ya sentimita 1, mbele na nyuma, kipate pembetatu zenye pande sawa. Urefu wake utakuwa sentimita 30. Kigandishe kati ya vile viwili. Hiki ni kielelezo B, chenye karatasi sawa na A.

3. Tengeneza kielelezo C kama B, lakini gandisha ngozi ya chini tu. Ngozi ya juu ilazwe bila gundi.

4. Gundi ikikauka, egemeza kila kielelezo juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 25. Weka kikombe katikati, mimina mchanga kidogo kidogo, na pima kushuka kwa katikati kwa rula. Andika matokeo katika jedwali.

Ikiwa unene wa manila ni robo ya milimita, hesabu hutoa ukakamavu wa B kuwa zaidi ya mara 100 ya A. Darasa halitaipata namba hiyo. Mikunjo haitalingana, na gundi haitashika kila mahali. Mwalimu awaongoze wanafunzi kutafuta mahali B ilipoanza kuharibika, kisha wailinganishe na C. Wataona kwamba gundi chache iliyokosekana imeondoa sehemu kubwa ya faida yote.

Hitimisho

Wepesi wenye nguvu hupatikana kwa kuiweka mata mahali inapohitajika na kuishikilia hapo. Uchapaji wa matabaka umempa mhandisi uhuru wa kuiweka karibu popote apendapo. Haukumwondolea wajibu wa kuuliza mambo matatu kwa kila kiini: kani inapita wapi, mshikamano uko wapi, na hewa itatokea wapi. Tangi la mwaka 1999 na usukani wa mwaka 2005 vilionyesha gharama ya kukosa jibu kamili.

Maswali

1. Ngozi mbili za milimita 1 zimetenganishwa kwa kiini cha milimita 10. Ukakamavu wake ni mara ngapi ya bamba moja la milimita 2?

2. Fremu bapa ina viungio 6. Inahitaji vijiti vingapi ili isilegee? Ichore.

3. Kwa nini tangi la X-33 lilihimili mzigo lilipokuwa na baridi kali, likaharibika lilipokuwa likipata joto?

4. Taja kitu kimoja cha nyumbani au cha shambani chenye muundo wa sandwichi. Eleza ngozi zake ni zipi, kiini chake ni kipi, na nini hushikamanisha sehemu hizo.